Mafuta ya Siku Arobaini

Honorata wa Gungu hukamua mawese, na aliimba kwaya miaka ishirini. Jumapili moja mhubiri wao alileta chupa za mawese, akasema ameyaombea mlimani siku arobaini.

Honorata akasimama. "Mchungaji, huo ni uongo! Nimeyakamua juzi, tukakuletea mimi na Spesiosa."

Spesiosa, shoga yake, akainama. "Mimi sijui, mama."

Palepale wakamfukuza kwaya, eti kamvunjia heshima mtumishi. Mimi nilikuwa mgeni wa Honorata, na madumu ya mawese hayo juzi nilisaidia kuyafunga kwenye bodaboda.

Nje nikamwambia, "Mwanangu, ungesema taratibu."

"Sawa, mzee. Na wewe, mbona hukusema hata hiyo taratibu?"

Kesho yake niliaga kwenda Mwamgongo. Hakunisindikiza.