Chai ya Nyar Awasi

Walisema sitaweza. Kwetu Ahero walisema mtu aliyebeba simenti Nairobi miaka sita hawezi kurudi na diploma, na hata akirudi nayo, hakuna mwanamke atakayekubali kuzalishwa na mwanaume. Diploma nilirudi nayo. Ya uuguzi na ukunga, niliyojilipia kwa mgongo huu huu.

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya wazazi mjini Kisumu, Sista Msimamizi alinikabidhi Akinyi, mwenye mimba ya kwanza. Kando ya kitanda alikaa mama mkwe wake, tuliyemwita Nyar Awasi, yaani binti wa Awasi, kwa sababu alizaliwa huko, amekumbatia themosi ya chai. Alinitazama kutoka viatu hadi kichwa.

"Wewe kijana, umepotea? Waliovunjika miguu wako upande ule."

"Nimefika, Mama."

Ninyi mnaoanza kazi leo, sikieni ilivyokwenda. Kila nusu saa tulihesabu uchungu umekuja mara ngapi katika dakika kumi, na tukasikiliza moyo wa mtoto kwa kipembe kilichowekwa tumboni. Kila baada ya saa nne tulipima mlango wa kizazi. Ukifunguka sentimita kumi, mama anaanza kusukuma. Yote tuliyachora kwenye patografu, chati ya uchungu. Yangu ilikuwa safi kuliko ya yeyote wodini.

Saa nne asubuhi Akinyi alikuwa anaendelea vizuri. Saa tano uchungu ulikuja mara saba katika dakika kumi, hana hata nafasi ya kupumua. Nikasikiliza moyo wa mtoto: mapigo tisini kwa dakika. Haufai kushuka chini ya mia moja na kumi.

Nikamlaza kwa ubavu wa kushoto, nikafungua dripu, nikaita. Sista akaja mbio.

"Nani amempa dawa ya kuongeza uchungu?"

"Hakuna, Sista."

"Basi kuna kitu amekunywa. Tafuta! Daktari anatayarisha chumba cha upasuaji."

Nikaona kikombe kitupu kando ya kitanda. Mwingine angefoka. Mimi mtoto wa Ahero nilijua mama mzee hawezi kumtazama mwanaume machoni akataja dawa za uzazi. Ni aibu kubwa. Nikapiga magoti karibu naye, nikageuza uso ukutani.

"Mama, sikutazami. Chai ina mizizi?"

Akaikumbatia themosi zaidi. Akinyi akapiga yowe.

"Mama, mjukuu wako anachoka."

"Vikombe viwili," akanong'ona. "Nilitaka amalize haraka. Asiteseke."

Daktari aliposikia, akaagiza sindano ya kulegeza mfuko wa uzazi. Nikashika kipembe, sikio tumboni. Tisini na tano. Mia moja. Mia moja na thelathini. Chumba cha upasuaji kikafungwa.

Alasiri alizaliwa mvulana. Alikuwa kimya mpaka nilipomsugua mgongo kwa taulo, ndipo akalia. Sista akaniambia, "Kesho usichelewe." Hakuwahi kumsifu mtu zaidi ya hapo.

Tangu siku hiyo, kila mama aliyeingia kwangu nilimuuliza amekunywa nini, uso ukiwa ukutani. Wakaniambia mambo ambayo hawakumwambia daktari yeyote.

Wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, Nyar Awasi alikuja na mkongojo, akimleta kujifungua mke wa mvulana yule yule, sasa mtu mzima. Themosi mkononi. Nikageukia ukuta.

"Geuka," akasema. Akanimiminia kikombe mbele ya wodi nzima, macho yake yakiwa machoni mwangu. "Onja wewe kwanza."

Maziwa na sukari tupu. Nikamaliza, nikaomba kingine.