Kitamili cha Kwihara

Juzi nimerudisha fomu ya shule bila kuitia sahihi. Nimehamishiwa kazi Tabora, nyumbani, na nilimpeleka binti yangu wa miaka saba kuandikishwa. Karani akanipa karatasi tano za masharti. Viatu vyeusi, sawa. Ndoo na fagio, sawa. Sharti la kumi na moja likasema mtoto atakayekutwa anazungumza Kiswahili au lugha ya kabila ndani ya uzio wa shule ataadhibiwa. Nikamrudishia karani kalamu yake. Akauliza kama nimeona kosa la uchapaji. Nikamwambia chapa iko safi, kosa liko kwenye maneno yenyewe. Akaniangalia kwa lile jicho la kumwangalia mzazi mkorofi. Nami ndugu yangu sikatai, ni mkorofi, ila ukorofi huu nilifundishwa, na nataka nikueleze na nani.

Nilisoma shule ya namna hiyo hiyo, hapa hapa mjini. Baba alikuwa fundi seremala Isevya, na aliniingiza pale kwa jasho lake akiamini kwamba bila Kiingereza nitabaki nyuma ya wenzangu. Ubaya wa pale ulikuwa kibao. Kilikuwa kipande cha mninga kilichotobolewa juu na kupitishwa kamba ya katani, kikaandikwa kwa rangi nyekundu kwamba aliyekivaa ni mjinga. Ukiteleza ukasema neno la Kiswahili, au la Kinyamwezi, unavikwa. Ukitaka kukivua, lazima utege masikio mpaka umnase mwenzako, umkabidhi yeye. Atakayebaki nacho kengele ya jioni ikilia anachapwa fimbo nne na kuosha vyoo. Basi rafiki yako wa damu anakukanyaga kidole cha mguu makusudi ili ulie “Mama wee!”, akuvike. Na walimu wenyewe ungewasikia ofisini wanabishana bei ya mkaa kwa Kiswahili kitamu kabisa.

Mimi nililelewa na bibi yangu, mama yake baba, kule Kwihara, mpaka nilipofika umri wa kuanza shule. Kinyamwezi ndicho nilichoanza nacho kusema. Kila Jumanne bibi alikuja mjini kwa miguu kuuza karanga sokoni, na wakati wa mapumziko ya saa nne alipita penye uzio wa shule na matobolwa yangu ndani ya kitambaa. Unayajua matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu, unavitafuna polepole na karanga mpaka utamu unatoka wenyewe? Nikiwa nayo mfukoni niliweza kustahimili hata somo la sarufi.

Jumanne moja, nikiwa darasa la tano, bibi alifika uzioni na kuniita. “Mwangaluka,” akasema, ndiyo salamu yetu ya asubuhi, na mtoto anayeijibu anapiga magoti. Jirani yangu wa dawati alikuwa amesimama karibu nami, kibao shingoni, masikio wazi. Ndugu yangu, sikupiga magoti. Nilisimama wima kama askari, nikamjibu bibi yangu kwa Kiingereza, “Gudi moningi, madamu.” Aliyatazama magoti yangu. Akauliza, “Wewe si mjukuu wangu?” Nikakitazama kile kibao. Akampa mlinzi kitambaa cha matobolwa, akageuka, akaenda zake.

Jumanne iliyofuata hakuja, na nyingine hakuja. Baba alipokwenda Kwihara alirudi na salamu moja tu kutoka kwake: mkataa kwao mtumwa. Baba hakujua inamlenga nani. Mimi nilijua, na nililia chooni ili mtu asinisikie nalia kwa lugha gani. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, bibi aje tena uzioni nami niwe na namna ya kumjibu.

Pale shuleni tulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyetoka India. Alikaa na mkewe katika nyumba ndogo nyuma ya madarasa. Asubuhi alipofika darasani na kukuta amesahau miwani, alipaza sauti kumwita mkewe kwa lugha yao, Kitamili, na mkewe naye akamjibu kwa sauti hiyo hiyo kutoka jikoni, wakitupiana maneno juu ya vichwa vyetu, mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Hakuna aliyemvika kibao. Nikawaza kitoto: kumbe kuna lugha ya nyumbani isiyokatazwa. Basi nipewe hiyo.

Mimi ndiye niliyepeleka madaftari ya hesabu kwenye ile nyumba kila jioni, kwa hiyo nilimwomba yule mama. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia nimwite Akka, yaani dada mkubwa, na akaniuliza ni nini ninachotaka kujua. Nikasema kila kitu. Akasema tuanze na majina ya vitu.

Tulijifunzia barazani, yeye akichambua dengu kwenye sinia, ndani mbegu za haradali zikipasuka kwenye mafuta ya moto na kunukia mpaka mate yananitoka. Maji ni tanni. Nyumba ni vidu. Mti ni maram. Akka aligawa dengu mafungu mawili. Fungu hili, akasema, ni majina ya wenye akili, watu na Mungu. Fungu lile ni la vingine vyote, wanyama, mawe, sufuria. Kila nilipotaja jina alinitaka nilisogezee dengu moja upande wake. Halafu yakaja maneno ya kusimama badala ya majina. Naan, mimi. Nii, wewe, lakini wewe wa mtoto au rafiki. Mkubwa anaitwa ningal. Mwanamume ni avan, mwanamke ni aval, na ukimheshimu, awe mwanamume au mwanamke, ni avar. Kisichokuwa mtu ni adu, basi. Na walikuwa na sisi ya aina mbili, moja inayomhesabu unayeongea naye, na nyingine inayomwacha nje. Nilipoikosea Akka alinipiga kofi dogo la mkono na kunipa kipande cha nazi, vyote kwa pamoja.

Likizo fupi ilipofika nilikwenda Kwihara. Nilimkuta bibi uani anabangua karanga. Nilipiga magoti kwenye mchanga nikasema mwangaluka, na nikabaki pale chini. Alibangua karanga nyingi sana kabla ya kuitikia. Hapo nikamweleza habari ya kibao, na ya mwalimu wa hesabu na lugha ninayofundishwa na mkewe, kwa Kinyamwezi, huku kamasi zinanitoka.

“Kikivaliwa kinauma?” akauliza.

“Hakiumi, bibi. Ila kuna fimbo, na vyoo, na wanakucheka.”

“Na huyo Mhindi anayeita mkewe kwa kelele, anavikwa?”

“Yeye havikwi.”

Akasukuma ungo mbele yangu. “Babu zako walibeba pembe kwa njia hii hii mpaka pwani,” akasema. “Walirudi na vitambaa, na maneno ya watu chungu nzima. Hakuna aliyerudi ulimi wake umekatwa. Haya, nifundishe.”

Naapa sijawahi kuona mwanafunzi mbishi kama yule. Maji aliyashika, nyumba akaishika. Tulipofika kwenye mafungu mawili, tukitumia karanga, akagoma. Ng'ombe akae fungu moja na jiwe? “Ng'ombe wangu ana jina,” akasema, “nikimwita anakuja. Jiwe nikiliita linakuja?” Akachukua ile karanga ya ng'ombe na kuihamishia kwa watu. Mbuzi naye akahamia. Jogoo alimwacha na mawe, kwa sababu alimdonoa asubuhi ile. Nilimwambia kwamba Akka hatakubali. Akasema Akka aje mwenyewe Kwihara waongee. Na kila mtu kwake alikuwa avar, hata mtoto wa jirani aliyekuwa bado anatambaa, maana hujui, alisema, atakuja kuwa nani. Likizo nzima tulipika, tukachota maji, tukapepeta, tukisemeshana lugha ile mpaka majirani wakaanza kuulizana kama bibi amepagawa.

Shule zilifunguliwa, na Jumanne ya kwanza bibi akaja. Saa nne kamili, kitambaa mkononi. Kibao kilikuwa tena kwa jirani yangu wa dawati, naye akanifuata mbio mpaka uzioni. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama barazani na kikombe chake cha chai.

Nilipiga magoti kwenye vumbi, sketi na yote. “Vanakkam, pati,” nikasema. Salamu, bibi. “Ningal nalama?” Hujambo wewe?

Bibi akajinyoosha, khanga mabegani, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: “Naan nalam! Nii?” Mimi mzima, na wewe je?

Jirani yangu aliachama mdomo. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika kamba, lakini hakujua anikabidhi kwa kosa gani. Akamkimbilia mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akashuka na kikombe, akasikiliza, akatuangalia mmoja mmoja, akaagiza mwalimu wa hesabu aitwe.

Alikuja na chaki vidoleni. Bibi alipomwona akamsalimu vilevile, kwa ile lugha, kwa heshima zote, na makosa yake yote ndani. Yule mwalimu alisimama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Mwalimu mkuu akamuuliza kwa Kiingereza hii ni lugha gani. Akajibu, “Ni lugha ya mama yangu.”

“Kwa hiyo nayo ni lugha ya kienyeji,” mwalimu mkuu akasema. “Kibao avikwe huyu mtoto.”

“Hapana,” akasema mwalimu wa hesabu. “Mimi nimeisema hapa kila siku kwa miaka miwili. Nimemtangulia. Nipe mimi.”

Akainama, akamvua jirani yangu ile kamba, akajivika. Kisha akaingia darasani kutufundisha sehemu, na kile kipande cha mninga kinagonga ubao kila alipogeuka kuandika. Hakuna aliyecheka. Kengele ya jioni ilipolia alikuwa bado anacho. Fimbo, hakuna wa kumchapa. Vyoo aliviosha yeye, suruali imekunjwa magotini, mkewe akimgombeza dirishani kwa Kitamili, naye akimjibu.

Kesho yake akaja nacho tena. Mwalimu mkuu akamkumbusha kwamba sheria ni kumkabidhi atakayesikika. Akasema ametega masikio kutwa nzima na hajasikia mtu. Tulikuwa tunapiga kelele za Kiswahili mbele yake, ndugu yangu, tunaimba, tunatukanana, na yeye hasikii. Siku nzima aliitumia namna hiyo, na jioni vyoo. Alikaa na kibao kile mpaka mkataba wake ulipokwisha, karibu muhula mmoja na nusu. Jumanne bibi alipopita nilipiga magoti na kumwitikia kwa Kinyamwezi, kwa sauti, na mwalimu wa hesabu aliyesimama hatua tano kutoka pale akawa anakagua majani yaliyotambaa ukutani.

Usidhani tulishinda. Walipoondoka yeye na Akka, kibao kingine kilichongwa. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona kinavyovaliwa. Nilikuwa nakivaa asubuhi na sikumkabidhi mtu. Nilichapwa, niliosha vyoo mpaka mikono ikanuka dawa, na wenzangu wawili watatu nao wakaanza kuona aibu ya kutegeana masikio. Nilimaliza darasa la saba na Kiingereza kizuri tu. Wanaosema bila kibao mtoto hajui Kiingereza, waje tuzungumze, kwa Kiingereza wakitaka.

Ile nyumba ndogo nyuma ya madarasa imebomolewa, pale sasa wanaegesha basi la shule. Akka na mumewe sijui waliko. Na kuna jambo linaloniuma kulisema: Kinyamwezi changu kimebaki cha salamu na cha kuombea chakula. Kibao kilinifikia mapema, nikazoea kuipima kila sentensi kabla ya kuitoa, na lugha ya kupimwa namna hiyo inakonda. Kisha ikaja sekondari ya bweni, ikaja Dar es Salaam. Hilo walilichukua na silisamehe.

Bibi alifariki mvua za mwaka juzi, tukamzika Kwihara. Mchungaji aliomba kwa Kiswahili, wazee wakasema yao kwa Kinyamwezi. Ilipofika zamu yangu ya kutia udongo nilimuaga kwa Kitamili, “Poyittu vanga.” Watamili hawamwambii mtu aende tu, humwambia aende kisha arudi, na hili nililisema kwa namna ya heshima. Shangazi alinivuta mkono, akanong'ona kwamba natia aibu, naongea nini mbele ya kaburi. Nikasema tena, kwa sauti zaidi, mpaka wa nyuma wakasikia.

Baadaye, kazini, Mtamili mmoja aliyekuja kufunga mitambo alinisikiliza kwa upole, akanisahihisha. Akasema maneno yale hayasemwi msibani kamwe, kwao ni mwiko, hakuna anayemwambia marehemu arudi. Nikamwambia nimemwelewa, kwao hayasemwi. Kwihara yanasemwa. Tulikuwa wawili tunaoijua lugha ile, na mmoja nimemzika.