Nilimchagulia Binti wa Bosi Masomo Niliyoyataka Mimi

Jina langu msiliweke, kwa sababu mamangu husomewa visa vya ukurasa huu na dadangu. Mimi ni Mkenya wa miaka ishirini na minane, sina mume wala mtoto, na ninafanya kazi ya nyumbani hapa Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah. Nilianzia Riyadh kwa familia nyingine, mkataba ukaisha, nikahamia kwa hawa. Niseme ukweli, hapa sijateswa. Nakula wanachokula, simu yangu ninayo, Ijumaa napumzika. Kosa ninalokuja kuungama ni langu mwenyewe, na tangu Jumapili situlii.

Bosi ana binti wa miaka kumi na tisa, nitamwita Rim. Alama zake za shule hazikutosha kuingia chuo kikuu moja kwa moja, kwa hivyo akapelekwa chuo cha miaka miwili. Pale unachagua masomo kila muhula, na ukifanya vizuri unahamia chuo kikuu na yale uliyosoma yanahesabiwa. Ukichagua ovyo, unaanza upya. Mwaka jana alinijia jikoni nikikanda unga wa sambusa, akaweka kompyuta yake kando ya sinia. Alikuwa amepewa insha ya Kiingereza na hajui aanzie wapi.

"Wewe ulisoma mpaka wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia nilimaliza Kidato cha Nne, hesabu nikapata A, nikaitwa chuo kikuu, lakini karo ikakosekana nyumbani.  Alinivutia kiti tu.

Ikawa mazoea. Baada ya chakula cha mchana, madam, mamake Rim, akienda kujilaza, sisi tunakaa meza ya jikoni. Kazi alizopewa na walimu nikawa nazifanya mimi. Mtihani hufanyiwa chuoni, kwa hivyo huo nilimfundisha, naye akakariri na kupita kwa shida. Zile kazi ndizo zilizompandisha. Nilijua ni udanganyifu. Lakini jamani, nilikuwa nimekaa miaka tisa bila kushika kitabu. Nilianza kuamka na hamu. Nikipiga pasi kanzu za bosi najikuta nakokotoa hesabu kichwani.

Muhula uliofuata orodha ya masomo ilipofunguliwa, Rim aliketi kitandani mwake nami nakunja nguo. "Yalla, wewe unaweza yapi?" akasema, akanigeuzia kompyuta. Kulikuwa na somo moja la kuchora na kupanga vyumba vya ndani. Aliligusa kwa kidole akasema hilo analipenda. Nikamjibu, "Hilo siwezi kukusaidia." Akalipita. Nikamchagulia takwimu. Muhula uliofuata tena nikamwekea takwimu ya pili na kutengeneza programu za kompyuta. Nilimwambia hayo ndiyo masomo yanayoheshimika. Ukweli ni kwamba nilitaka kuyasoma mimi.

Mwezi uliopita chuo kikuu kimoja cha Riyadh kilikubali kumpokea aendelee na takwimu, mradi amalizie masomo mawili ya mwisho ya takwimu. Madam alilia kwa furaha, akawapigia simu ndugu zake wote. Kisha akaja jikoni akanishika mikono, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Utaenda naye. Atakaa kwa dada yangu Riyadh. Bila wewe huyu mtoto hasomi."

Nikasema sawa, madam. Sikumwambia kwamba mkataba wangu umebakiza miezi miwili, wala kwamba dadangu amenitafutia nafasi katika chuo cha ufundi kule nyumbani. Nilimpigia rafiki yangu aliye Riyadh, ambaye nilipokuwa huko tulikuwa tukikutana Ijumaa mtaa wa Batha. Akacheka. "Kuja bwana. Utasoma chuo kikuu na hulipi kitu." Nilikata simu nikiwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyonitisha.

Jumapili Rim alikuja kusajili yale masomo mawili. Macho yalikuwa yamevimba. Nikamuuliza kama ni mgonjwa.

"Mimi sitaki takwimu," akasema. "Kila siku ya mtihani natapika kabla sijaingia. Wewe ndiye unayeipenda."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana ukinifundisha. Na nyumba hii hakuna mwingine anayekaa na mimi."

Nikavuta kompyuta. Nikatoa somo moja la takwimu, nikaweka lile la kuchora, lakini hatujathibitisha. Usajili unafungwa Alhamisi. Akithibitisha hivyo, nafasi ya Riyadh imekwenda na atabaki kule chuoni mwaka mwingine. Tukirudisha takwimu, atatapika miaka mingine yote. Ananiomba nimwambie mamake mimi, eti mimi ananisikiliza. Lakini nikifungua mdomo atauliza zile alama nzuri zilitoka wapi, na itabidi niseme pia ni nani aliyefanya zile kazi, maana yeye anajua nilimfundisha tu. Chuo kikijua kinaweza kumfukuza. Nami madam anaweza kusema halas, funga mzigo, na sitamlaumu.

Na kuna jambo ambalo hata Rim sijamwambia. Leo, madam akiwa amelala, niliketi pale mezani peke yangu nikafungua orodha ya masomo ya mwaka wa tatu ya kile chuo cha Riyadh. Niliyasoma yote mpaka mwisho, kwa uchu. Sehemu yangu moja bado inataka binti wa watu anyamaze, twende.

Alhamisi ni kesho kutwa. Ninyi mlio na mabinti, na ninyi mliokatiziwa masomo kama mimi, nawasihi mniambie: nikimkalisha mama huyu, neno la kwanza liwe lipi?