Kumsahihisha Baba

Huyu Mbula ninayewasimulia hakuwa mwalimu wa serikali. Alikuwa mwalimu wa bodi, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule yenyewe, katika shule moja ya kutwa upande wa Mwala, mwaka wa elfu mbili na moja. Kemia aliipenda, lakini kila muhula watoto walianguka hesabu za moli. Muhula uliopita, kati ya arobaini na wawili walipita sita. Sita, jamani!

Mkuu wa shule, Bwana Musembi, akamwita. "Madam, mtihani ni Ijumaa. Nusu yao wasipopita, bodi itatafuta mtu mwingine."

Chai ya saa nne ilimshinda kunywa. Alikuwa ameeleza mpaka sauti ikakauka. Kilichobaki ni kuwaambia watoto wabadilishane vitabu, wasahihishane wenyewe.

Jumanne vitabu vikarudi na tiki tupu. Akafungua cha Kisilu. Gramu nane za sodiamu haidroksaidi kagawanya kwa arobaini, moli nukta mbili. Sawa. Halafu, kutafuta moli kwa lita, akagawanya kwa mia tano, sentimita za ujazo vilevile, hakuzigeuza kuwa lita. Na hapo pana tiki kubwa!

"Nani alisahihisha hiki?"

Kamanthe akasimama. "Ni mimi, Madam."

"Uliona ni sawa?"

"Hapana. Lakini Kisilu ni mtoto wa kaka yangu mkubwa, amepewa jina la baba yangu. Nyumbani namwita baba. Nitamwekea baba eksi aje?"

"Mimi niliogopa tu Nduku atanichapa," Bonface, aliyesahihisha cha Nduku, akadakia. Darasa likaangua kicheko.

Mbula hakucheka. Akakaa juu ya dawati, akafunika uso. Siku tatu zimebaki. Alipoinua kichwa, macho yalikuwa mekundu.

"Basi hakuna tiki wala eksi. Mwandikie mwenzako pale alipopotelea, vile ungemwambia nyumbani."

Kamanthe akaandika polepole: *Baba, hapa ulisahau kugeuza lita. Rudi kidogo.*

Kisilu akasoma, akafuta, akapata nukta nne. "Asante, mwanangu," akamwambia shangazi yake.

Ijumaa ikafika, mtihani ukafanywa na kusahihishwa. Walipita kumi na saba.

"Wamepungua wanne tu, Madam," Bwana Musembi akasema, akitazama meza. "Lakini bodi ilisema nusu."

"Nipe muhula mmoja, Mwalimu. Tumeanza Jumanne tu."

"Si mimi ninayeamua, ni bodi."

Mbula akazikusanya karatasi za mtihani mezani. "Basi niache niwarudishie watoto mwenyewe. Wabadilishane, waandikiane."

Mkuu akatazama saa. "Una kipindi kimoja cha mwisho, Madam."

Mbula akatoka mbio na karatasi, kuelekea darasani.