Silinda ya Nne

Landrova iliyotutoa Kasulu ilianza kugonga kabla ya kufika Kibondo. Abiria tulikuwa wanne, mmoja wetu nesi aliyepakata sanduku la chanjo, barafu yake ikiyeyuka. Dereva alifungua boneti, akachomoa vyuma viwili vilivyopinda, akavifunga kwenye kitambaa.

“Silinda moja nimeilaza. Tutakwenda na tatu.”

Afisa wa kiti cha mbele akacheka. “Haiwezekani. Mimi nimesoma.”

“Umesomea injini, ndugu?”

“Utawala.”

“Basi tawala mkoba wako. Wengine shukeni msukume.”

Tulisukuma watatu, nesi amelibeba sanduku mgongoni kwa kanga kama mtoto. Afisa hakushuka. Nilipotaka kumsema, dereva alichungulia dirishani: “Mwache, dada. Huyo ndiye silinda ya nne.”

Gari likashika kwa gia ya pili, na vilima vyote tukavipanda kwa gia hiyo hiyo. Kibondo tuliwakuta akina mama bado wanasubiri na watoto wao. Nesi alilitikisa sanduku karibu na sikio la dereva, vipande vya barafu vikagongana. “Asante, baba,” alisema.

Siku hizi nikiingia ofisi yoyote nahesabu silinda zilizolala, kisha nazishukuru zinazovuta.