Vikapu Sitini na Sita vya Ndagala

Harufu ya ndagala wanaokauka mchangani haina adabu. Haibishi hodi. Inaingia nyumbani, inakaa kwenye matandiko, na siku ya Pasaka inakufuata mpaka kanisani ukiwa na gauni jipya. Sisi watoto wa Rugenge, pale Uvira, tulizaliwa ndani yake, na hatukujua kama ipo mpaka tulipomwona mgeni akikunja pua. Mama aliwaanika samaki hao wadogo kila asubuhi kabla sijaenda shule, nami nilikaa kando yao na kijiti nikifukuza kunguru huku nikikariri jedwali la kuzidisha kwa sauti kubwa. Nadhani kunguru wa ufuko ule walijua saba mara nane kabla ya wanafunzi wengi wa darasa la tano. Hata leo nikiisikia harufu ile, kabla ya njaa kuamka, huamka hesabu.

Nilikuwa katika darasa hilo la tano, na uhuru ulikuwa haujatimiza miaka minne. Zamani za Wabelgiji hesabu zetu zilikuwa za matofaa na treni. Mama fulani wa huko Ulaya ana matofaa ishirini, anawagawia watoto watano; treni fulani inatoka mji huu saa mbili, inafika mji ule saa ngapi? Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona tofaa, na treni tulikuwa tumeiona kwenye picha, imesimama. Kwa hiyo hatukuwa na ubishi na hesabu hizo. Tulizidisha, tukagawanya, tukapata alama zetu kwa amani. Kisha akaja inspekteri mpya wa shule, Mkongomani mwenzetu, mtu mwenye moyo mkubwa ndani ya koti kubwa zaidi, maana alilirithi kwa Mbelgiji aliyemtangulia na mikono yake ilimfika kwenye kucha. Akatangaza mashindano ya akili, ambayo wote tuliyaita konkuru, kati ya shule za mjini, za uwandani na za milimani, na akaapa kwamba maswali yote yatakuwa ya kwetu: samaki wetu, ng'ombe wetu, mihogo yetu. Uhuru, alisema, lazima uingie hata kwenye hesabu. Hakujua anaita nini.

Kwangu mimi konkuru ile haikuwa mchezo. Baba alikuwa ameshakata shauri kwamba mwaka ukiisha niache masomo niende Nyakabere kumsaidia shangazi kulima. Hakuwa mkali, ila alikuwa mvuvi, na aliamini shule inamwaga akili za watu kama maji ya mtumbwi. Ushahidi wake ulikuwa binamu yangu mmoja aliyerudi na cheti na asiweze tena kufunga fundo la wavu. Metre, yaani mwalimu wetu, alikuja nyumbani kunitetea, akaketi, akakohoa, akatoa methali aliyoipenda kuliko zote: usilolijua ni usiku wa giza. Baba akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini Metre," akasema, "usiku ya giza njo iko na samaki." Mazungumzo yakaishia hapo. Hata hivyo, Metre alipokuwa anatoka, baba alimwita akamwambia kwamba mtoto akishinda konkuru, basi ataingia la sita. Akishindwa, jembe linamngoja. Nilisikia kila neno nyuma ya mlango, na tangu siku ile kunguru hawakupata usingizi.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya mvua za masika. Ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani: wavuvi, wanunuzi wa samaki, wakulima kutoka uwandani na wachungaji wa ng'ombe waliokuwa wametembea siku nzima na nusu kutoka Bijombo, juu kwenye baridi. Watoto wa Nyakabere walitolewa mapema kwa sababu walikaribishwa chakula kabla ya mashindano na wawili wakalala wakiwa wamekaa. Mwishowe tulibaki wawili mbele ya tablo, yaani ubao, mimi na mvulana wa Bijombo aitwaye Rukundo. Alikuwa mrefu, mpole, na uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja, kwani mbu wa ziwani walikuwa wamempokea usiku kucha kwa ukarimu wao wote. Alikuwa anatokwa na jasho kama mtu anayesonga bugali wa harusi. Nilimhurumia kidogo, kisha nikakumbuka jembe la shangazi, nikaacha kumhurumia.

Inspekteri alikunja mikono ya koti, akasoma: mvuvi mmoja anapata vikapu vitatu vya ndagala kila usiku, je, katika mwezi wa siku thelathini atapata vikapu vingapi? Rukundo, ambaye ziwa alikuwa ameliona jana yake kwa mara ya kwanza, aliandika tisini bila kuinua kichwa. Mimi nilikwama. Nilimwona akilini baba akilala nyumbani mwezi unapokuwa mkubwa, siku nane hivi, akishona nyavu na kumkera mama jikoni, maana ndagala hufuata taa ya mvuvi, na mwezi ukiwaka taa ya mvuvi haiwi kitu. Thelathini toa nane ni ishirini na mbili. Nikaandika sitini na sita, nikajipongeza moyoni kwa kuuona mtego.

"Makosa," alisema inspekteri. "Tisini. Pointi kwa Bijombo."

Nilikuwa nimeshaanza kuiona mihogo ya Nyakabere, safu kwa safu, wakati sauti iliponguruma kutoka nyuma, na sauti hiyo ilikuwa ya baba, mtu ambaye hata kanisani huimba kwa midomo tu.

"Bwana Inspekteri, minye niko muvuvi tangu utoto. Mwezi ikiwaka, muntu ataingia mu ziwa kufanya nini? Kuisalimia?"

"Swali halikuuliza mwezi, Papa," alijibu inspekteri kwa heshima.

"Njo maana swali iko na makosa!"

Hapo ukumbi ukawaka. Wavuvi wote walisimama kumuunga mkono, na kama wangeishia hapo huenda ningepewa haki yangu. Lakini ukweli ukifunguliwa mlango huingia na ndugu zake. Katekista alisimama akasema sawa, mwezi utolewe, ila Mkristo haendi ziwani usiku wa kuamkia siku ya Mungu, kwa hiyo zitolewe na Jumapili tatu zilizobaki gizani. Mama mmoja muuza samaki akauliza kama huyo mvuvi wa inspekteri hana upepo kwao, maana msimu huu usiku tano nzima hakuna mtumbwi uliotoka. Baada ya nusu saa vikapu tisini vilikuwa vimebaki arobaini na viwili, na mzee mmoja alikuwa bado ameinua mkono, anataka kutoa misiba. Inspekteri aligonga meza kwa kiatu. Jibu ni tisini, alisema, na atakayetoa kitu kingine atatolewa yeye.

Akageukia swali la mwisho kwa haraka ya mtu anayekimbia mvua. Ng'ombe mmoja anatoa lita nne za maziwa kila siku. Kwa siku mia tatu atatoa lita ngapi? Mimi nilikuwa nimeshafundishwa adabu. Sikumjua ng'ombe wala sikutaka kumjua. Nikaandika elfu moja na mia mbili. Rukundo alisimama tu na chaki mkononi, akitazama tablo kama mtu aliyeona jambo la aibu.

"Bwana," akasema polepole, "ndama yake iko wapi?"

"Achana na ndama!"

"Siwezi kumuacha, Bwana. Mukikamua yote, atakufa. Na ndama akikufa, mama yake atakataa kutoa maziwa."

Watu wa milimani waliitikia kwa sauti moja. Sasa wao ndio walikuwa wamesimama, na wavuvi, ambao dakika chache nyuma walikuwa wanatetea ukweli, walipiga kelele kwamba swali halikuuliza ndama. Inspekteri alinipa pointi mimi. Kwa hiyo nilisawazisha kwa kumuua ndama wa watu bila huruma, na nakiri kwamba nililala vizuri. Alama zetu zikawa sawasawa. Kila mmoja wetu alikuwa amekosa alichokijua na kupata asichokijua. Inspekteri alijifuta jasho kwa mkono wa koti, uliomtosha sana kwa kazi hiyo, akatangaza kwamba maswali yote mawili yatapelekwa kwa wakubwa wa shule huko Bukavu, na jibu litakapokuja mshindi atapewa zawadi yake, sanduku la bati la kuwekea vitabu. Kisha tukala pamoja, bugali na ndagala, na maziwa ya mgando ambayo mwalimu wa Rukundo alikuwa ameyabeba kutoka Bijombo. Rukundo alikunja pua mbele ya ndagala wetu. Mimi niliyakunjia pua maziwa yao. Tulicheka sana.

Njiani kurudi nilikuwa nalia kimyakimya, maana sikushinda na makubaliano yalikuwa makubaliano. Baba alitembea mbele, na tulipokaribia nyumbani akanigeukia.

"Weye, ile mbalamwezi, nani alikufundisha?"

"Hakuna, Baba. Naona tu siku zile unalala."

Alisimama, akacheka mpaka akashika kiuno. "Utaenda la sita," akasema. "Sikujua muntu anaweza kukaa mu shule miaka tano na kichwa ikabaki."

Jibu la Bukavu halikufika, kwa sababu uasi ulifika kwanza. Majuma machache baadaye shule ilifungwa, inspekteri alikimbia akiacha koti lake kwenye msumari, na sanduku langu la bati, au la Rukundo, lilionekana barabarani kichwani mwa mpiganaji mmoja wa waasi aliyejifunga majani; ndani yake kuku walikuwa wanalia. Kisha risasi zikaanza kusikika karibu, na baba akatupakia mtumbwini, mama, wadogo zangu wawili na mimi, kuelekea upande wa Burundi. Mwezi ulikuwa mkubwa, mweupe, ziwa lote linaonekana. Niliogopa nikamnong'oneza, "Baba, mbalamwezi." Hakuacha kupiga kasia. "Najua," akasema. "Utawaambia wale ya Bukavu waongeze usiku moya."

Darasa la sita nilisoma ukimbizini, na nimefundisha hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini. Rukundo sikumwona tena. Siku hizi watu wa ziwani na watu wa milimani wanagombana kwa mambo ambayo nikiyataja nitalia, na mimi naukumbuka ukumbi ule ambamo tuligombania mwezi na ndama, kisha tukanawa mikono katika beseni moja. Mwezi uliopita mjukuu wangu Furaha alishinda mashindano ya shule za mjini. Walijibu kwenye karatasi kwa kutia alama katika visanduku, kila mtu kimya, hakuna mzazi aliyeruhusiwa ndani. Alirudi na mfuko mpya mgongoni, na nilifurahi kweli. Kisha nikampa swali langu la zamani, naye akajibu tisini kabla sijafunga mdomo. "Na mwezi?" nikamuuliza. "Koko," akasema, maana bibi kwetu huitwa hivyo, "haukusema mwezi." Tuliketi mlangoni, nikamweleza yote, naye akataka kujua jibu lenyewe ni lipi basi. Nikamwambia: usiku ishirini na tatu, lakini vikapu ni vilevile sitini na sita, ule usiku wa kuongeza baba hakuleta samaki, alituleta sisi.