Kurasa Arobaini na Moja

Nimechapa barua nyingi za uongo katika maisha yangu, wala sioni haya kusema, maana karani huchapa anachopewa. Lakini ipo kazi moja niliyoichapa nikijua wazi kwamba ni upuuzi mtupu, na hasira yake haijanitoka mpaka leo. Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa umeme katika chuo chetu cha ufundi, mwanamke ambaye wanafunzi walimwita Mama Fyuzi.

Jina hilo lilimkaa sawasawa. Akimwona mwanafunzi ameshika waya bila kuupima, karakana nzima ilimsikia, na sisi wa ofisini pia. Kabla ya kuja kufundisha alikuwa amefanya kazi viwandani miaka kumi na mmoja, akipanda ngazi na mkanda wa zana kiunoni, huku wenye viwanda wakimwuliza fundi yuko wapi naye fundi ndiye yeye. Mumewe alikuwa dereva wa lori aliyeonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake watatu: yeye, binti yake wa darasa la sita, na mama mkwe mwenye ulimi mkali kumshinda yeye. Mimi nilikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta. Aliniita mdogo wangu, nami nikamwita dada, na kazini tulikwenda pamoja kwa miguu.

Mwaka huo darasa lake la wanaomaliza lilikuwa na wanafunzi arobaini na wawili. Baraza la mitihani lilikuwa limetoa agizo kwamba mtihani wa vitendo haufanyiki mahali ambapo kila wanafunzi wawili hawana bodi yao ya mazoezi, yaani ule ubao unaofungwa swichi, soketi na mita ili mtu ajifunze kuunganisha nyumba nzima akiwa amesimama mahali pamoja. Chuo kilikuwa na bodi tano. Zilihitajika ishirini na moja. Wanafunzi waliobaki walikuwa wakijifunza kwa kuchora swichi ukutani kwa chaki, wakizibonyeza kwa kidole, na Mama Fyuzi akisema kwa mdomo wake, "Taa imewaka." Nakuapia nimeliona kwa macho yangu. Mtu mzima na kidole chake ukutani, anawasha chaki.

Mkuu wa chuo alimwambia fungu la vifaa limekwisha. Basi akaanza kutafuta nje. Kila mchana alikuja ofisini kwangu kutumia kompyuta, akisoma matangazo ya wafadhili huku akilaani mashine ilivyokuwa nzito. Wiki ya tatu akapata shirika moja linalosaidia vyuo vidogo. Masharti yao hata mtoto angeyaelewa. Andiko lisizidi kurasa nne. Liombe jambo moja tu. Hawanunui magari, hawalipi semina. Fomu iwe na sahihi tatu: ya mkuu wa chuo, ya mhasibu, na ya mwalimu mwenye mradi. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa, saa kumi jioni.

Aliandika kurasa nne kwa mkono, nikazichapa. Mbao kumi na sita, swichi ngapi, soketi ngapi, mita ngapi, na kwamba wanafunzi wenyewe watazifunga kama sehemu ya masomo. Picha ya ile chaki ukutani akaiweka ukurasa wa pili. Mimi si mtu wa umeme, lakini nilipomaliza kuchapa nilitaka kuzinunua mwenyewe.

Sasa chuoni kwetu kuna kitu kinaitwa kikao cha kuboresha. Zamani mwalimu mmoja wa useremala alipata ufadhili peke yake, walimu wengine wakanuna mwaka mzima, hata salamu ikawa shida. Tangu hapo mkuu akaweka utaratibu kwamba hakuna andiko linalotoka getini kabla kila idara haijaweka mkono wake. Mkuu wetu si mtu mbaya. Ana adabu, anacheka na kila mtu, anakumbuka mgonjwa wa kila nyumba. Angekuwa katili ningejua namna ya kumchukia.

Kikao kilikaa Jumatano, nami nilikuwa mwandishi wake.

"Mama, andiko lako zuri sana," mkuu alisema. "Sasa wenzako wakusaidie kulinenepesha."

Mwalimu wa upishi akataka jiko la gesi la kantini, kwa sababu mwanafunzi mwenye njaa hawezi kufunga soketi. Mhasibu akataka semina ya siku tano hotelini, ya kujifunza kusimamia mradi. Mwalimu wa ushonaji akataka uzio mpya wa chuo, na wa michezo akaomba jezi.

"Jezi na umeme wapi na wapi?" Mama Fyuzi akauliza.

"Afya, dada. Afya kwanza."

Naibu mkuu akataka gari. La nini? La kubebea bodi kutoka stoo kwenda karakana. Ndugu msomaji, stoo na karakana vinapakana. Mtu akipiga chafya stoo, karakana wanamwambia pole. Nikaandika: gari moja.

Mama Fyuzi akasimama na karatasi ya masharti, akasoma kwa sauti. Kurasa nne. Jambo moja. Magari hapana.

"Hayo wanaandika tu," mkuu akamjibu kwa upole, kama anamfariji mfiwa. "Wafadhili wanatupima. Ukiomba kidogo wanakuona mdogo. Mimi nina uzoefu nao."

"Uzoefu upi, Mkuu? Miaka sita tumeandika maandiko tisa. Tumepata lipi?"

Mwalimu wa upishi akauliza kama jiko linaweza kuwa na oveni.

Ijumaa asubuhi andiko lilikuwa limefika kurasa arobaini na moja, na limepewa jina refu hata mimi niliyelichapa sikuweza kulisema kwa pumzi moja. Bodi za mazoezi zilikuwa zimesukumwa ukurasa wa ishirini na tatu, kati ya uzio na jezi. Mama Fyuzi alisema hatii sahihi. Alikwenda karakana akafundisha vipindi viwili, na kila mtu alimsikia siku hiyo.

Saa tisa mkuu akamwita. Nilikuwapo, nimeshika mhuri.

"Mama, bila sahihi yako halitoki," alimwambia. "Likibaki hapa, watoto wale watakuwa wamekosa kwa mkono wako. Si wangu." Kisha, kana kwamba ni jambo jingine kabisa, akaongeza, "Na mkataba wako tunaujadili mwezi ujao, sivyo? Ningependa niwe na la kusema juu ya ushirikiano wako."

Nilidhani Mama Fyuzi atamrushia kalamu. Akaandika jina lake kwa haraka kama mtu anayejikata mwenyewe, akatoka bila kuaga. Nilirudi kwenye mashine yangu. Andiko la kurasa nne lilikuwa bado humo, lile lingine pembeni yake. Nikabonyeza kutuma nililoagizwa, saa tisa na dakika arobaini.

Jioni mama mkwe wake alitusikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Wameomba gari, wameomba uzio, wameomba jiko," alisema. "Mbona akili hawakuomba?"

Mimi nilicheka. Mama Fyuzi alikuwa akimenya viazi na hakuinua uso.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Nililichapisha mwenyewe, nikalisoma nimesimama. Waliandika kwamba andiko limekataliwa kwa kuvunja masharti matatu. Wangeishia hapo ningeshukuru. Lakini chini yake mtu fulani, aliyelisoma lote, Mungu amlipe subira yake, alikuwa ameongeza kwamba hitaji la bodi kumi na sita lililoelezwa ukurasa wa ishirini na tatu ni la kweli na limeandikwa vizuri, na kwamba lingeletwa peke yake wangelilipia bila swali.

Mkuu alisoma, akasema, "Unaona? Tulikaribia." Tulikaribia! Nilitamani kumgonga na ule mhuri.

Wakaguzi wa baraza wakaja, wakahesabu bodi tano, wakafunga daftari lao. Arobaini na wawili wote wasubiri mwaka mwingine. Mkuu akanipa tangazo nichape: mtihani umeahirishwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa chuo. Nikalichapa, akanituma nikalibandike kwenye mlango wa karakana.

Mama Fyuzi alinikuta nalo mlangoni. Akalisoma. Akalichukua mkononi mwangu taratibu, akalichana mara mbili, akasema, "Ingia ndani, mdogo wangu. Na ile barua ya shirika unayo?"

Nilikuwa nayo kwenye jalada. Akawasomea wanafunzi wake yote, neno kwa neno, hadi ule mstari wa mwisho. Akawaeleza kikao, gari, jezi, semina. Watu waliguna, wengine wakatukana waziwazi, mmoja akapiga meza. Alikuwa amewaka kama nilivyomzoea, sauti juu, kidole hewani, nami moyoni nilikuwa nasema mpe, dada, mpe.

Ndipo akanyoosha mkono mwanamke mmoja waliyemwita Shangazi kwa kuwa aliwazidi wote umri. Alikuwa ameacha kazi ya dukani na kuwaacha wanawe watatu kwa dada yake ili asomee umeme.

"Mwalimu, sahihi zilikuwa tatu, sivyo?" aliuliza. "Ya tatu ya nani?"

"Yangu."

"Na ulijua watakataa?"

"Nilijua."

Shangazi hakupaza sauti. "Mwaka mzima unatufokea, ukiona hitilafu, zima kwanza, maelezo baadaye. Ulituambia asiyezima ameua mwenzake. Sasa wewe uliiona hitilafu, na swichi ulikuwa nayo mkononi. Mbona hukuzima?"

Nilimngoja Mama Fyuzi awake. Hakuwaka. Kidole chake kilishuka, akaishika ile barua kwa mikono miwili.

"Niliogopa," alisema. "Mkataba wangu ulikuwa unakwisha. Nikaogopa."

Shangazi akavua koti lake la karakana, akalikunja, akaliweka juu ya meza mbele ya mwalimu wake, akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, na kila mmoja aliacha koti. Mama Fyuzi alisimama palepale mpaka wa mwisho alipopita. Kisha akanigeukia mimi, mimi niliyebonyeza, nami nikatazama sakafu.